Kadi ya Sevisi ya Bikizee

Lifti ya lile jengo la maduka ilikufa Jumamosi saa nne asubuhi, na hakuna saa mbaya kuliko hiyo. Watu wamebeba magodoro, wamebeba watoto, mmoja kajitwisha televisheni, wote wanapanda ngazi huku wakimtukana fundi wasiyemjua. Fundi mwenyewe alikuwa anashuka ngazi hizo hizo, mbili mbili, ovaroli ya buluu imemshuka bega moja, begi la spana linampiga kiunoni. Kazini walimwita Juu-Chini, na jina halikutokana na lifti peke yake. Jamaa alikuwa hawezi kutulia. Hata chakula alikula amesimama.

Kwenye kona ya ghorofa ya tatu akagongana na msichana.

Tuseme ukweli, aligongana na alichobeba. Lilikuwa kopo la zamani la maziwa, ndani yake kimea kimoja kinene, kifupi kama ngumi, nywele nyeupe kote kama kichwa cha ajuza. Kopo likaruka. Juu-Chini akalidaka kwa kiganja kizima, kwa juu.

"Mama yangu wee!"

"Usiliachie!" msichana akapiga kelele. "Ukiliachia nitakuua!"

"Linaning'ata!"

"Halina meno, ni miiba. Shika hivyo hivyo!"

"Shika hivyo hivyo? Dada, una roho kweli wewe?"

Msichana akalichukua kopo kutoka chini, taratibu, kama anayepokea kichanga. Akaligeuza huku na huku. Akapuliza udongo uliomwagika pembeni. Alipomaliza kukagua mmea ndipo akakumbuka kuna mtu anavuja damu.

Alikuwa mwembamba, amevaa gauni la njano la mikono mifupi, kilemba cha samawati, na shingoni kaning'iniza kile kijicho cha kioo ambacho mafundi saa hukibana jichoni waone vitu vidogo. Akamvuta Juu-Chini hadi penye dirisha la ngazi, akatoa kibano mkobani.

"Kaa."

"Sikai. Nina lifti imekufa."

"Si imeshakufa? Haitakufa tena. Kaa."

Akakaa. Watu wanawapita, wanawakanyaga, mwenye televisheni anagomba. Msichana kajibana kioo jichoni, anang'oa mwiba mmoja mmoja na kuhesabu kwa sauti ndogo. Alifika kumi na tisa. Mkono wake ulikuwa hautetemeki hata chembe, na Juu-Chini akajikuta anaomba kimoyomoyo uwepo wa ishirini.

"Wewe daktari?"

"Fundi saa. Ghorofa ya nne, kibanda cha mwisho, penye dirisha. Wateja wananiita Dakika. Kila wakiniuliza lini, nawaambia nipe dakika."

"Na hili dude?"

Dakika akaacha kung'oa. "Tafuta adabu. Hii ni kaktasi. Anaitwa Bikizee. Nyumbani wamejenga ukuta umetuzibia jua, ndiyo namhamishia kibandani. Mama yangu kamlea miaka kumi na miwili. Mama hayupo tena, yeye yupo. Kwa hiyo umemgonga mkubwa wako na hujamwamkia."

Juu-Chini akatazama lile kopo. Akatazama watu. Akainamisha kichwa. "Shikamoo, Bikizee."

"Marahaba," akajibu Dakika, uso mkavu. "Anasema punguza mbio."

Jumatatu yake fundi lifti akatokea kibandani na saa mkononi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata.

"Imesimama," akasema.

Dakika akaifungua mgongo. "Haina betri."

"Ee. Ndiyo ubaya wake."

"Betri haina miguu. Mfuko wa shati una nini?"

Juu-Chini akaingiza vidole viwili mfukoni, akaiweka betri mezani kama mwizi anayerudisha mali. Dakika akacheka mpaka kijicho cha kioo kikadondoka. Basi, hapo yameanza. Mapenzi mengine yanaanza na maua, haya yalianza na betri ya saa.

Ubaya wa Juu-Chini ni kwamba alikuwa anapenda kama anavyoshuka ngazi. Simu kumi, kumi na tano kwa siku.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Umeniuliza sasa hivi."

"Wakati ule nilikuwa ghorofa ya saba. Sasa niko ya kumi."

"Mpenzi, nimefungua saa, kuna springi ndogo kama ukope, wewe unapiga simu. Nimeshtuka, imeruka. Sijui iko wapi."

"Nije nikusaidie kuitafuta?"

"Usije!"

Alikuja. Springi akaikuta kwenye kilemba cha Dakika. Akapewa chai, akainywa amesimama.

Miezi minane ikaenda hivyo. Mchana mmoja Juu-Chini akampandisha Dakika hadi chumba cha mashine, juu kabisa, amwonyeshe mota inavyozunguka na kamba za chuma zinavyopanda na kushuka zimepakwa grisi. Mashine inanguruma, husikii hata unachofikiri. Juu-Chini akajaza pumzi, akapiga kelele kwa nguvu zote:

"NATAKA TUOANE!"

Na mota ikasimama pale pale, kwa sababu lifti imefika chini. Neno la mwisho likabaki linazunguka kwenye kuta. Chini kwenye korido mtu akaitikia, "Na nani?"

Dakika akaziba mdomo. Alicheka kidogo, halafu hakucheka tena.

"Wiki ijayo naenda kwa dada yangu, anakaribia kujifungua. Wiki saba. Nikirudi nitakujibu."

"Kwa nini usinijibu sasa?"

"Ndiyo hilo hilo. Wewe kila kitu sasa. Mama yangu aliolewa na mtu wa sasa, miaka mitatu baba akawa na sasa nyingine, sisi akatuacha na jana. Mimi nataka mtu anayeweza kukaa na kitu." Akamfuta grisi shavuni kwa kidole gumba. "Nakupenda, usinitolee macho. Halafu Bikizee utakaa naye wewe. Kibanda nakifunga, na dirisha lenu lina jua la asubuhi."

"Ni mtihani?"

"Siyo mtihani. Sina mtu mwingine."

Lakini Juu-Chini alishasikia mtihani.

Siku ya kumkabidhi, Dakika alimweleza mara mbili. Maji kikombe kimoja kidogo cha kahawa, kila baada ya wiki mbili. Tena uingize kijiti kwenye udongo kwanza, kikitoka na unyevu, subiri. Jua la asubuhi. Basi.

"Hakuna kingine? Kupaka kitu? Kukaza?"

"Hakuna cha kukaza! Ukimwona kakaa kimya, ndiyo raha yake."

Sasa mafundi lifti wana desturi yao. Kila lifti ina kadi imening'inizwa chumba cha mashine. Ukigusa kitu, unaandika tarehe, ulichofanya, na sahihi. Na kadi haiandikwi uongo. Unaweza kumdanganya bosi, mke, hata karani wa kodi, lakini ukiandika "kamba ni salama" na si salama, kesho kuna mama na mtoto humo ndani. Kwa hiyo Juu-Chini akamtengenezea Bikizee kadi, akaitundika ukutani juu ya kopo. Siku ya kwanza akaandika: *Maji kikombe kimoja. Sawa.* Akapiga sahihi.

Siku ya pili akamkumbuka Dakika. Akautazama mmea. Ukaonekana kama una kiu. *Maji kidogo. Sawa.*

Siku ya tatu akamkumbuka zaidi.

Anaishi na mama yake, mpishi mstaafu wa hospitali, vyumba viwili, ghorofa ya pili. Mama kakaa kwenye kochi anachambua mboga, anamtazama mwanawe na kikombe.

"Mwanangu, huyo mgeni wako ana kisukari?"

"Kwa nini, mama?"

"Mbona anakunywa hivyo?"

"Hali ya hewa kavu, mama."

"Mimi niko humu humu, mbona sijakunywa mara mbili kabla ya saa sita?"

Lakini utamwambia nini mtu ambaye mikono inamwasha. Kila jioni simu inalia, Dakika anauliza, "Bikizee kanywa?" na Juu-Chini anajibu, "Kanywa, mpenzi, kashiba," na Dakika anacheka akijua ni utani. Siku dada alipojifungua, mtoto wa kike, Dakika alipiga simu akicheka na kulia kwa pamoja. Siku hiyo Bikizee alinywa mara tatu.

Wiki ya nne ikaisha, Bikizee akainama.

Juu-Chini akadhani kopo limekaa vibaya. Akalinyoosha. Akainama tena. Akambonyeza kwa chini, kidole kikazama kama kwenye ndizi iliyoiva ikapitiliza, kikatoka na maji ya kahawia yananuka. Mama yake akachungulia, akaguna tu. Kuna wakati hata mama anajua asiseme.

Kando ya barabara kuu kuna bustani ya miche, na mwenye bustani ni mama mmoja wa buti za mvua, sauti kama msumeno. Juu-Chini akamwekea kopo mbele.

"Umemzamisha," akasema Mama Miche.

"Nimempa maji tu."

"Si ndicho nilichosema? Huyu kaumbwa na tangi lake tumboni. Wewe unamjazia mwenye tangi. Kampe pole, halafu kamkate."

"Nimkate!"

"Uozo unapanda kutoka chini. Kisu kikali, kisafishe kwa spiriti. Kata vipande kama tango, mpaka ukute nyama nyeupe safi, haina hata doa. Doa moja ukiliacha, kesho kaoza wote. Kitakachobaki, kiweke juu ya gazeti, penye mwanga bila jua kali. Udongo usimpe. Maji usimpe, hata mate. Kidonda kikauke, kifanye gamba gumu. Wiki mbili, tatu. Ndiyo umkalishe juu ya udongo mkavu. Mizizi ataitoa mwenyewe akitaka."

"Na mimi nifanye nini?"

"Ukae."

"Nikae tu?"

"Kijana, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wengi wameishindwa."

Juu-Chini alimkatia mezani nyumbani, kwa kisu cha mkate cha mama yake. Kila kipande kilikuwa na doa la kahawia katikati, akakata tena, akakata tena, jasho linamtiririka kuliko siku aliyoning'inia ghorofa ya kumi na mbili. Alipokuta nyama nyeupe, Bikizee alikuwa amebaki kama limau. Kopo akaliosha, akaligeuza chini juu. Kadi akaishusha ukutani, kwa aibu, akaitia kwenye begi la spana.

Simu ikalia.

"Bikizee hajambo?"

Hapo ndipo pa kusema. Sentensi moja tu. Juu-Chini akafungua mdomo, na kilichotoka ni: "Hajambo. Anakusalimia."

Na uongo ni kama kupanda ngazi za watu usiowajua. Ukishaingia ya kwanza, unaona aibu kugeuka. Siku ya pili anakusalimia. Siku ya tatu anakusalimia. Akaanza kuogopa simu yenyewe. Zile kumi na tano zikawa tatu, zikawa moja, fupi, sauti kama mtu aliye msibani.

Kule kwa dada, Dakika ameketi kitandani anamkunjia mtoto nepi.

"Dada, huyu zamani alikuwa ananipigia mpaka simu inachemka."

"Sasa?"

"Sasa ananiaga kabla sijamsalimia."

Dada mkubwa hana maneno mengi. "Mwanaume akipunguza simu, kaongeza kitu kingine. Nenda ukaone. Mama mkwe wangu anakuja kesho, mimi sitakuwa peke yangu."

Kwa hiyo Dakika akarudi wiki moja kabla, bila kusema. Alhamisi mchana, gauni jipya la kijani aliloshonewa na dada yake, midomo kaipaka rangi, kabeba begi na boksi la biskuti. Hakwenda kwake, alikwenda kugonga mlango wa Juu-Chini. Mama akafungua.

"Mwanangu! Karibu, karibu ndani! Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mama, shikamoo..." Akanyamaza. Alishaliona dirisha.

Kopo limeoshwa, limepinduliwa. Pembeni, juu ya gazeti, kichwa cha Bikizee. Kimekonda, kimesinyaa, hakina udongo, hakina tone la maji. Kimetupwa pale kama ganda la kitu kilicholiwa.

"Mama, nani kamkata?"

Mama wa watu akajibu ukweli, maana ndivyo alivyolelewa. "Mwenyewe, mwanangu. Kwa kisu changu cha mkate. Nilimwambia utamuua, akasema nimwache. Lakini kaa kwanza nikueleze..."

Hakukaa. Alivua kilemba, akakiviringisha kile kichwa ndani, akatoka. Boksi la biskuti likabaki juu ya kochi.

Barabarani akapiga simu.

"Mpenzi!" Juu-Chini yuko ghorofa ya tisa, jengo la ofisi, mikono yote grisi. "Niko kazini, mambo vipi huko?"

"Bikizee hajambo?"

"Hajambo. Anakusali..."

"Ninaye mkononi."

Spana ikamponyoka Juu-Chini, ikagonga sakafu.

"Nimekuta kichwa," akasema Dakika. "Mwili uko wapi?"

"Nisikilize, roho yangu..."

"Nimekuuliza kila siku. Siku kumi na moja nimehesabu, umenijibu neno hilo hilo, mpaka nikasema huyu kakariri. Kakauka! Kawa kama zabibu! Hukumpa hata tone! Hukuwa na nafasi, si ungeniambia? Ningemwachia mtu wa njiani!"

"Siyo hivyo. Uko wapi?"

"Naenda kibandani. Nampa udongo, nampa maji, labda..."

"Usimpe maji! Dakika! Maji hapana!"

Simu imeshakatwa. Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena, imezimwa.

Sasa fikiria. Lifti ya jengo lile kaifungua mwenyewe, vipande viko sakafuni. Juu-Chini akamwambia mwenzake, "Kuna roho naiwahi, nakuja," akakamata begi, akashuka ghorofa tisa kwa miguu. Akapanda pikipiki ya kukodi, dereva anamuuliza wapi, yeye anasema twende tu. Jengo la maduka limejaa, lifti ina foleni, akaparamia ngazi, mbili mbili, tatu tatu. Kwenye kona ya ghorofa ya tatu, penye dirisha, hakuangalia hata pembeni.

Dakika yuko kibandani, amesimama, kichwa wazi, rangi ya midomo imefutika. Kalitafuta kopo jingine, kalijaza udongo, kichwa cha Bikizee kakikalisha juu. Mkononi kikombe cha kahawa kimejaa maji hadi ukingoni.

Juu-Chini hakuwa na pumzi ya kusema neno. Dakika akainamisha kikombe. Basi Juu-Chini akafanya alichoweza, akaweka kiganja chake juu ya Bikizee, akakibana. Maji yote yakamwagika mgongoni mwa mkono, yakatiririka mezani.

"Ondoa mkono."

Akatikisa kichwa.

"Unachomwa, mjinga wewe!"

"Najua." Akavuta pumzi. "Nichukie. Nipige. Lakini maji hapana. Kidonda hakijafunga. Ukimpa maji leo, anaoza."

"Nani kakwambia?"

"Mama mmoja wa miche. Sikumnyima maji, Dakika. Nimemzamisha."

"Umem... nini?"

Kwa mkono mzima akafungua begi, akachomoa kadi, ina grisi kwenye pembe. Akamwekea mezani. Dakika hakutaka kuisoma. Kisha akaona maandishi yale makubwa ya mtu aliyeacha shule mapema, akaanza kusoma.

*Maji kikombe kimoja. Sawa.*

*Maji kidogo. Sawa.*

*Maji. Sawa. Maji. Sawa.*

Mstari kwa mstari, siku ishirini na nane. Dakika akashika kadi kwa mikono miwili.

"Hapa umempa mara tatu. Siku moja!"

"Hiyo ndiyo siku mtoto kazaliwa. Ulicheka kwenye simu."

"Na hapa?"

"Hapo ulikuwa hujapokea simu toka asubuhi."

"Kwa hiyo kila ulipo..."

"Kila nilipokukumbuka."

Dakika akakaa kwenye kistuli. Akaendelea kusoma. *Ameoza chini. Kosa langu.* Mstari unaofuata: *Nimemkata. Amebaki kidogo. Nyama safi.* Halafu: *Hakuna kazi. Nimekaa. Nimemwambia hajambo, si kweli.* Na chini yake tena: *Hakuna kazi. Nimekaa. Nimemdanganya tena.* Tena. Tena. Mara kumi na moja, na kila mstari una sahihi.

Redio ya duka la jirani ilikuwa inapiga wimbo wa haraka haraka. Hakuna aliyeusikia.

"Kwenye kadi hatuandiki uongo," Juu-Chini akasema. "Kuna mtu atapanda."

Dakika akainua macho, mekundu. "Mimi ndiye ninayepanda. Na mimi ndiye hukunionyesha kadi."

Juu-Chini akasimama tu, maji yanamdondoka kwenye kiwiko.

Dakika akavuta droo, akatoa kibano. Akajibana kioo jichoni. "Lete huo mkono."

Alimng'oa miiba bila kuhesabu. Halafu akamuuliza, kama fundi anavyomuuliza fundi, kuhusu gamba, gazeti, siku ngapi, na Juu-Chini akamweleza yote. Wakamtoa Bikizee kwenye udongo, wakamgeuza. Chini pameanza kuwa pagumu, pa rangi ya ngozi kavu.

"Kwa hiyo alikuwa anapona pale dirishani," akasema Dakika polepole. "Na mimi nilikuwa nakwenda kumuua."

"Kwa kumpenda."

"Usijitetee kwa mgongo wangu." Lakini sauti ilikuwa imelegea kidogo. Akamweka Bikizee juu ya karatasi, kwenye rafu yenye kivuli. "Sikiliza. Atakaa hapa. Wewe usinipigie simu. Usije. Usinitumie salamu kwa mlinzi. Mama yangu alivyojua kwamba baba kaondoka, alikuta kaishi na uongo mwaka mzima, na kila siku kulikuwa na 'hajambo' ndani yake. Mimi nahitaji kujua kama hapa chini pameoza au pamefunga. Bikizee akitoa mzizi, nitakuita."

"Na asipotoa?"

Dakika akaanza kupanga bisibisi zake, ndogo kwa kubwa.

Alikaa. Nakwambia, yule jamaa alikaa. Wiki ya kwanza mikono ilimwasha, alishika simu akaiweka, akaishika, akampa mama yake aifiche kwenye debe la unga. Wiki ya tatu mama alimkuta mezani, anakula, amekaa kwenye kiti. Akaweka mwiko chini.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Mguu?"

"Nimekaa tu, mama."

Mama akavuta kiti cha pili, akakaa naye, na kwa mara ya kwanza tangu kijana aanze kazi wakala pamoja mpaka mwisho.

Ilipofika zamu ya mwezi ya kuipaka grisi lifti ya jengo la maduka, alifanya kazi yake chumba cha mashine, akaandika kadi, akashuka. Ghorofa ya nne alipita macho yake yakiwa kwenye viatu. Dakika, nyuma ya kioo cha kibanda, alimwona anapita. Alihesabu sekunde zote. Hakuita. Lakini siku ile alimkagua Bikizee mara mbili.

Wiki ya saba, Ijumaa asubuhi, simu ikalia. Juu-Chini alikuwa chini ya shimo la lifti nyingine, tochi mdomoni. Akaitema.

"Panda," sauti ikasema.

"Kwa ngazi au..."

"Kwa lifti. Na usimharakishe mtu."

Dakika alivaa lile gauni la njano. Juu-Chini alisimama mlangoni mwa kibanda, ovaroli imefungwa vifungo vyote, mikono nyuma. Dakika akamwonyesha kistuli, naye akakaa. Dakika akavua kioo chake cha shingoni, akambana Juu-Chini jichoni, akamshika kichwa na kukiinamisha juu ya kiganja chake, ambamo Bikizee amelala chali juu ya kitambaa.

"Unaona nini?"

"Gamba."

"Katikati ya gamba."

Akatulia. Akaona. Uzi mmoja mweupe, mwembamba kuliko springi iliyopotea kwenye kilemba. Na pembeni yake mwingine, mfupi zaidi, ndiyo kwanza unachungulia.

Juu-Chini akataka kuruka. Akajizuia, maana mmea uko mkononi. Chozi likajaa kwenye kioo, akawa haoni tena kitu.

"Huo wa kwanza una siku tano," akasema Dakika.

"Siku tano! Mbona hukuniita?"

"Nilikuwa najikagua na mimi mwenyewe. Unafikiri mizizi ni yake peke yake?"

Akamkalisha Bikizee kwenye lile kopo jingine, juu ya udongo mkavu, akambana kwa vijiwe viwili asianguke. Kisha akatoa kitu chini ya meza. Kadi mpya, imechorwa kwa rula, mistari midogo safi ya mkono wa fundi saa. Tarehe, kila baada ya wiki mbili, mpaka mwisho wa mwaka. Nyuma yake, mwaka mwingine. Mbele ya kila tarehe imeandikwa: *Kikombe kimoja, kama pamekauka.* Na mwisho wa kila mstari nafasi mbili za sahihi. Juu ya nafasi ya kwanza kaandika *Mke*. Juu ya pili, *Mume*.

Juu-Chini akasoma mara mbili. Midomo inacheza.

"Wewe uliuliza kwa makelele," akasema Dakika. "Mimi najibu kwa maandishi. Na sharti ni lile lile la kadi zenu."

"Haiandikwi uongo."

"Hata ukiwa mdogo. Hata wa kunifurahisha."

"Hata wa kukufurahisha." Akapapasa mfuko wa kifuani, akachomoa kalamu. "Nipige sahihi wapi?"

Dakika akamshika mkono, ule wenye makovu madogo madogo kama nukta. "Bado. Leo si siku ya maji. Mstari wa kwanza ni Jumamosi ya wiki kesho."

"Nisubiri mpaka Jumamosi ya wiki kesho?"

"Utaweza?"

Akairudisha kalamu mfukoni. Akavuta kistuli karibu na dirisha, pale lilipo kopo.

"Nipe dakika," akasema, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu.